Bonde Linapopanda Mlima: Uhakiki wa Istilahi za Milima ya Pwani na Mito Yake

Miongoni mwa istilahi za jiografia zinazotumika katika vitabu vya shule na katika nyaraka za Serikali, ni chache zilizotwishwa mzigo mzito kama neno bonde. Bonde la Ufa ni bonde. Shamba la mpunga lililo baina ya vilima viwili ni bonde. Na tangu shughuli za maji zilipoanza kugawanywa kwa kufuata mito, nchi yote inayomwaga maji yake katika mto mmoja, kuanzia kileleni hadi baharini, nayo huitwa bonde. Makala haya yanakusudia kuihakiki tafsiri hiyo, pamoja na istilahi nyingine kadhaa zinazohusu milima iliyo nyuma ya pwani yetu na mito iteremkayo kutoka huko.

Mizani nitakayoitumia ni Wesha, bandari ndogo iliyo magharibi ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Huenda msomaji akastaajabu. Pemba haina mlima wa kutajwa; vilima vyake vya juu kabisa ni vya mita 100 hivi, na mito yake ni vijito ambavyo vingi huvukwa bila ya daraja. Lakini ndiyo sababu hasa ya kuichagua. Mwalimu wa Lushoto akisema mlima, mwanafunzi wake huuona dirishani. Mwalimu wa Wesha hana ila neno. Neno likiwa bovu, hakuna mlima wa kulisahihisha, na mtoto ataondoka darasani na picha iliyochorwa na neno lile lile bovu. Zaidi ya hayo, Wapemba ni watu wa vilima, mabonde na bahari, na wana msamiati wao wa vitu hivyo ambao wafasiri wa mambo ya jiografia hawajaupekua vya kutosha.

Tuanze na bonde lenyewe. Kwa mkulima wa Pemba, na wa Unguja pia, bonde ni ardhi ya chini yenye unyevu na udongo mzito, ambako hulimwa mpunga. Mtu akisema kwamba ameamkia bondeni, hapana haja ya kumwuliza alikwenda kufanya nini. Juu ya bonde kuna mgongo wa kilima wenye mikarafuu, minazi na nyumba, na mpaka baina ya viwili hivyo unajulikana kwa unyayo. Maana hii si ya visiwani peke yake. Vukeni mkondo mwende Tanga, mtawakuta Wabondei, ambao jina lao limetokana na neno hilo hilo. Nchi yao, yenye kitovu chake Muheza, si ufa wala si handaki la mto. Ni nchi ya chini iliyo baina ya milima ya Usambara na bahari. Wameitwa watu wa bonde kwa sababu juu yao kuna watu wa mlima. Hivyo basi, maana ya bonde katika pwani hii yote imejengwa juu ya kinyume chake: bonde ni pale ambapo si mlima.

Sasa na tutazame matumizi ya kiserikali. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na baada yake zikafuata nyingine, hata Tanzania Bara ikagawanywa katika mabonde 9: Pangani, Wami na Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Mgawanyo huo ni wa busara, na mwandishi huyu hana ugomvi nao. Maji hayatambui mpaka wa mkoa. Lakini mto Pangani huanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Maji ya Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hupita chini ya milima ya Upare na Usambara, hupokea Mkomazi na Luengera, na humalizikia katika mji wa Pangani. Kwa hiyo theluji ya Kibo, iliyo mita 5,895 juu ya bahari, imo ndani ya Bonde la Pangani. Kilele cha Shengena huko Upare, karibu mita 2,460, nacho kimo bondeni. Mtu wa Wesha akiambiwa hayo atadhani anatungiwa kitendawili.

Haya si mambo ya mzaha. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inamtaka mwenye kuchota maji mtoni kwa shughuli kubwa awe na kibali, na kibali hicho hutolewa kwa kufuata bonde. Tufikirie tangazo linalowaita wakazi wa bonde fulani waje wajadili matumizi ya maji yao. Nani atajiona kuwa ameitwa? Mwenye shamba la migomba juu kabisa mlimani, karibu na chemchemi, atasema kwamba habari hiyo ni ya watu wa chini. Naye ndiye wa kwanza kuyagusa maji! Aliye chini atakwenda mkutanoni na kumlalamikia mtu asiyekuwapo. Lawama za uhaba wa maji baina ya walio juu na walio chini ni za kale kuliko sheria yoyote, na istilahi isiyowakusanya watu hao wawili chini ya jina moja hupunguza uwezekano wa kuwakusanya katika ukumbi mmoja.

Mtetezi wa istilahi hii atasema kwamba neno huweza kuongezwa maana, na kwamba sasa watumishi wa idara zote wamelizoea. Nakubali kwamba neno hupanuka. Mkono ulipanuka ukawa mkono wa bahari, na jicho likawa jicho la maji. Lakini hizo ni maana zilizokwenda upande mmoja na maana ya asili. Bonde limepanuliwa hadi likameza kinyume chake, na sijui neno jingine la Kiswahili lililofanyiwa hivyo likabaki salama. Kuhusu mazoea ya watumishi, yafaa ikumbukwe kwamba nyaraka hizi hazikukusudiwa kusomwa na watumishi peke yao.

La kusikitisha zaidi ni kwamba dawa imo katika nyaraka hizo hizo. Eneo dogo linalokusanya maji ya mto mmoja mdogo huitwa humo kidakio, na kamati za ngazi hiyo ni kamati za vidakio. Neno hili ni zuri kwelikweli. Limetokana na kudaka, yaani kukishika kitu kinachotoka juu kabla hakijaanguka kikapotea, na ndivyo mlima unavyoifanyia mvua. Halisemi kwamba mahali ni juu wala chini. Linasema tu kazi inayofanywa na mahali hapo. Ajabu ni kwamba neno lenye nguvu limepewa kazi ndogo, na neno lisilofaa likapewa kazi kubwa. Kiswahili kinaturuhusu kuondoa kiambishi ki- na kupata dakio kwa eneo kubwa, kama vile jitu na kijitu, au goma na kigoma. Dakio la Pangani, basi, na ndani yake kidakio cha Luengera na kidakio cha Kikuletwa. Bonde libakizwe kwa ardhi ya chini, anakolima mpunga mkulima wa Pemba na anakokaa Mbondei.

Nimepata kufikiri kama kitenzi kinga kisingefaa zaidi, kwa maana mwanamke wa Wesha mvua inyeshapo hukinga maji ya michirizi kwa ndoo na sufuria, hayadaki. Kwa ukweli wa nyumbani kinga ingeshinda. Lakini ukoo wa neno hilo una shughuli nyingi mno: kuna ukingo wa mto wenyewe, kuna kinga ya maradhi, na kuna kingamwili katika elimu ya tiba. Istilahi mpya ya mto itakayofanana na ukingo itazaa mchafuko mwingine. Daka iachiwe nafasi yake.

Pengine mtu atauliza Pemba ina hasara gani katika haya yote, hali sheria hiyo ni ya Bara na maji ya kunywa ya kisiwani hutoka zaidi katika visima na chemchemi zake. Jibu ni kwamba tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Waya huo unapokea umeme wa gridi ya Taifa, na miongoni mwa mitambo inayoilisha gridi hiyo ni ile ya mto Pangani, yaani Nyumba ya Mungu, Hale uliofunguliwa mwaka 1964, na Maporomoko Mapya ya Pangani ya mwaka 1995. Mvua ikikosekana mlimani, mtu wa Wesha anayo haki ya kujua kwa nini taa imefifia, na ya kujua kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Nije kwenye mlima. Vitabu kadhaa vya kigeni hutofautisha mlima na kilima kwa idadi ya futi au mita, na baadhi ya wafasiri huiingiza kanuni hiyo katika Kiswahili kana kwamba ni ya kwetu. Sivyo tunavyosema. Kwetu ki- hupima kitu kwa kulinganisha na kilicho jirani, si kwa rula. Dereva wa gari la abiria baina ya Chake Chake na Mkoani husema mlima pale injini inapolia, na mteremko pale inaponyamaza, na wote ndani ya gari humwelewa. Kwa upande mwingine, milima ya Taita huko Kenya, ambayo kilele chake cha Vuria kinapita mita 2,200, imeandikwa na Waingereza katika ramani zao kwa neno lao la vilima. Mfasiri anayeifuata ramani neno kwa neno ataandika vilima vya Taita, na Mtaita atamshangaa. Tena mlima ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika jina lake linaanza kwa ki-, na wanachuoni bado wanabishana juu ya asili yake. Namba ziwekwe mahali pake, katika jedwali la urefu.

Lipo jina moja linaloonyesha jinsi watu wa bahari walivyoiona milima. Pwani ya Bara inayoelekeana na visiwa vyetu huitwa Mrima, na wenyeji wake Wamrima. Waandishi wa karne ya 19, akiwamo Burton katika kitabu chake cha mwaka 1860, walilieleza jina hilo kuwa ni mlima. Atembeaye kwa miguu Pangani au Saadani ataona mchanga, mikoko na minazi, na atauliza mlima uko wapi. Jina hilo halimfai mtembezi. Linamfaa aliye chomboni, ambaye Bara kwake ni ile nchi inayoinuka, tofauti na kisiwa. Basi Kiswahili kilikwisha kuwa na dhana ya milima ya pwani kabla ya kitabu chochote cha shule, na kiliipa jina kutoka baharini.

Istilahi ya leo kwa milima hiyo, kuanzia Taita, kupita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge, ni Milima ya Tao la Mashariki. Ilifasiriwa kutoka katika jina la kitaalamu lililoenea tangu miaka ya 1980, na kwa maoni yangu aliyechagua tao anastahili pongezi. Tao ni neno la mafundi wa nyumba za mawe. Mwanafunzi wa kisiwani ameliona juu ya milango ya misikiti ya kale. Ni bora mara kumi kuliko safu, ambayo walimu wengi huitumia bila ya kufikiri. Safu tunaijua msikitini, na sharti yake ya kwanza ni kutoacha mwanya. Milima hii ina mianya mipana: Mkomazi hupita baina ya Upare na Usambara, na bonde la Luengera (hapa bonde kwa maana yake halali) limeigawa Usambara yenyewe kuwa ya Mashariki na ya Magharibi. Kasoro moja ndogo ni hilo neno mashariki. Ni mashariki ya Afrika, la. Kwa aliyesimama Wesha milima hiyo iko magharibi kabisa, jua linakotua. Mwalimu wa kisiwani hapaswi kuliacha bila ya maelezo.

Milima hii haina mvua nyingi kwa bahati. Pepo zote mbili kubwa, kaskazi na kusi, huja zikiwa zimepita juu ya Bahari ya Hindi. Zikigonga miteremko ya Usambara ya Mashariki, iliyo kiasi cha kilomita 40 tu kutoka baharini, hupanda, hupoa na kumwaga maji. Amani hupata milimita 1,900 au zaidi kwa mwaka, ilhali nyika ya Mkomazi, iliyo nyuma ya milima, ni kavu. Vitabu vyetu huita upande ule mkavu kivuli cha mvua. Mfasiri aliangalia neno la kigeni akalivisha kanzu. Lakini kivuli kwa Mswahili ni pahali pa kupumzikia na kupoa; kivuli cha mwembe ni neema. Mwanafunzi anayesikia kivuli cha mvua atadhani ni mahali palipofunikwa na wingu, penye ubaridi na rutuba, nacho ndicho kinyume cha kilichokusudiwa.

Nahodha yeyote wa Wesha angaliweza kutuokoa. Upande wa chombo unaopokea upepo yeye huuita joshini, na upande ulio chini ya upepo huuita demani. Dhana ni ile ile: kitu kirefu kimesimama katika njia ya upepo, upande mmoja unapigwa, na mwingine umekingwa. Mteremko wa joshini na mteremko wa demani ni istilahi fupi na za asili, tena zinaunganisha somo la jiografia na kazi ya mzazi wa mtoto. Najua mapingamizi. Joshi la chombo hugeuka nahodha akibisha, na mlima haubishi. Naam, lakini kwa kuwa kaskazi na kusi zote zina upande wa mashariki ndani yake, mteremko unaoelekea bahari hubaki joshini karibu mwaka mzima. Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwamba demani pia ni jina la majira ya mwisho wa kusi. Hapo pana hatari ya kuchanganya, na ndiyo maana napendekeza isemwe mteremko wa demani au upande wa demani kila mara, wala lisiachwe neno peke yake. Mwalimu wa Singida asiyejua tanga atajifunza, kama mwalimu wa Wesha alivyojifunza theluji.

Kuhusu uwanda nitasema kidogo tu. Vitabu hulitumia kwa nchi tambarare, na uwanda wa juu kwa tambarare iliyoinuka. Visiwani uwanda ni ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, kama ile iliyo upande wa mashariki wa Pemba. Maana zote mbili ni za Kiswahili na hakuna ya kufutwa, ila kamusi inayotoa moja na kuinyamazia nyingine haijatimiza wajibu wake.

Tumalizie na mto ufikapo baharini, kwa kuwa hapo ndipo msamiati wa pwani ulipo tajiri, na ndipo wafasiri walipoutumia kidogo kuliko kote. Mto unaoingia katika mto mwingine huitwa tawimto. Wako wanaolipinga neno hili kwa hoja kwamba tawi hutoka katika shina, hali mto huo huingia. Hoja hiyo ni ya mtu anayeshuka na maji. Aingiaye mtoni kwa mashua kutoka baharini huona kinyume: shina liko mbele yake, na matawi yanafunguka kulia na kushoto mpaka milimani. Tawimto ni neno la mtu anayepanda, na liendelee kutumika. Lililo kosa ni kulitumia neno hilo hilo kwa mikono ya mto unaogawanyika karibu na bahari, kama Rufiji ufanyavyo baada ya kupokea maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Huko haiwezekani matawi yawe juu na chini pia.

Mlango ndilo neno linalofaa hapo, kwa maana ya njia ambayo maji na vyombo hupitia. Simba Uranga ni mlango, Kikunya ni mlango, na wingi wa milango hiyo ndio uliowezesha manowari ya Kijerumani Königsberg kujificha humo kuanzia mwaka 1914 hadi ilipozamishwa mwaka 1915. Neno mdomo wa mto, lililozoeleka shuleni, lina ubaya wa kutuonyesha kitu kinachosema au kinachokula, na bado mto hautoki tu: bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda na kuingia. Watu wa Pangani wanajua, kwani kadiri maji ya mto yanavyopungua ndivyo chumvi inavyozidi kupanda bara. Mlango hupitisha wanaoingia na wanaotoka. Mfasiri akiandika kwamba chumvi imeingia mlangoni mwa mto, hana haja ya maelezo zaidi.

Limebaki jambo la Wesha yenyewe. Mkono wa bahari unaoingia kutoka hapo kuelekea Chake Chake si mto wala si ghuba. Enzi za barafu, bahari ilipokuwa chini ya hivi leo kwa zaidi ya mita 100, lilikuwa ni bonde lenye kijito chake. Bahari ikapanda ikalizamisha. Pwani yote ya magharibi ya Pemba imekatwakatwa na mabonde ya namna hiyo. Vitabu vya kigeni vina neno la Kihispania kwa umbo hili, nalo limekwisha kuanza kupenya katika maandishi yetu. Sioni haja yake. Wavuvi huita hori, na hori inatosha, mradi kamusi iongeze kwamba nyingi kati yake ni mabonde yaliyozama. Katika ramani ya Pemba itakayochorwa kwa Kiswahili, mbele ya Wesha paandikwe Hori ya Chake Chake. Na vijito vinavyoishia humo viandikwe mito, kama wenyeji wanavyoviita, hata kama upana wake ni hatua mbili.